Pima silinda kabla ya kununua pistoni
Ukifungua injini ya pikipiki ya magurudumu manne, usikimbilie kununua pistoni ya saizi ile ile iliyotoka. Pima silinda kwanza: juu, katikati na chini, kila sehemu kwa pande mbili zinazokingamana. Ikiwa imelika au imekuwa na umbo la yai, chukua ovasaizi, yaani pistoni iliyozidi saizi ya awali, kwa mfano kwa 0.25 au 0.50 mm, halafu mpelekee fundi pistoni yenyewe ili achonge silinda kwa kuifuata. Pistoni ya kufuliwa (metali iliyoshindiliwa kwa nguvu) ni imara kuliko ya kumiminwa (metali iliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu), ila hutanuka zaidi ikipata moto, kwa hiyo hudai nafasi kubwa kidogo kati yake na ukuta wa silinda. Kwa safari za kawaida mimi sioni haja yake. Silinda yenye utando wa nikeli haichongwi hivi hivi, lazima ipakwe upya. Ringi za pistoni? Mpya, bila mjadala.