Somo: kupanga safari ya kundi kwa baiskeli za milimani, Marsabit hadi North Horr kupitia jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya

Mara ya kwanza tulianzia North Horr. Mpango ulikuwa wangu na niliuona wa busara: gari litupeleke hadi mwisho wa safari, halafu tuendeshe tukirudi upande wa nyumbani. Asubuhi tulipotoka tu, upepo ukatukaba usoni. Watu wanaopanda Ngong bila kugusa ardhi walikuwa wanajikokota kilomita 7 kwa saa kwenye uwanja tambarare kama sinia. Kalacha, kituo chetu cha kulala, tuliingia gizani, wawili wakiwa wamepanda gari, na mmoja hakunisemesha hadi kesho yake saa nne. Ndiyo maana somo hili halianzi na baiskeli.

Hatua ya 1: Anza na upepo

Nyanda za juu za Ethiopia ziko upande mmoja, za Kenya upande mwingine, na katikati kuna bonde. Upepo wa kusini mashariki ukiingia hapo hubanwa, ukatoka na kasi. Zile mashine 365 za umeme wa upepo kule Sarima, njia ya Loiyangalani, hazikuwekwa pale kwa urembo.

Sasa fungua ramani. Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr: vituo vyote vinne vinaelekea kaskazini magharibi, karibu mstari mmoja. Ukianzia Marsabit, upepo uko mgongoni siku zote tatu. Tena upepo huu una nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, kwa hiyo ukiamka mapema unapata kivuli na msukumo pamoja. Juu ya hayo, Marsabit iko mlimani, zaidi ya mita 1,300, na Chalbi iko chini ya mita 400. Unashuka, unasukumwa, na hulipi mtu.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ikikauka ni ganda gumu la udongo na chumvi. Mvua ikinyesha inageuka tope, na pengine maji hutuama mpaka mtu akadhani ziwa limerudi. Epuka Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Sisi huenda Julai au Agosti. Januari na Februari pia ni kukavu, ila jua lake halina adabu.

Hata msimu wa kiangazi, piga simu Kalacha wiki moja kabla, uulize kama imenyesha. Ganda la juu huweza kukauka wakati chini bado kuna uji. Baiskeli itapita. Gari lenye maji yenu litazama.

Hatua ya 3: Hesabu vichwa, ndipo uhesabu maji

Kundi letu ni waendeshaji 8, dereva na msaidizi mmoja: watu 10. Kila mtu tunampa lita 10 kwa siku, ambapo 6 hadi 8 ni za kunywa na zinazobaki ni za kupikia na kunawa uso. Tunabeba za siku tatu kamili hata kama tunajua tutapata maji njiani. Hiyo ni lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20, yaani kilo 300 kabla hujapakia hema hata moja. Ndiyo sababu nasema 8 na si 12. Mtu wa tisa haongezi mtungi mmoja na nusu tu. Anakuletea gari la pili.

Maji ya visima vya huko mengi yana chumvichumvi, tumbo la Nairobi haliyazoei. Na pale kisimani mjue mahali penu. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini nzima. Wenyeji walizika mifugo yao. Huwezi kufika pale ukaanza kuosha baiskeli. Ngamia wana zamu yao, mbuzi wana yao, na wewe unasalimu, unauliza, unalipa unachoambiwa.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: maji matupu kutwa nzima yanaweza kukuangusha. Jasho linatoa chumvi, wewe unarudisha maji peke yake, damu inakuwa nyepesi. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anaongea ovyo. Wenzake wakidhani ana kiu wanamwongezea maji, nao wanazidi kumharibu. Kila mtu abebe pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na njugu za chumvi, na jioni pawe na mchuzi.

Hatua ya 4: Gari na dereva

Land Cruiser, na dereva Mgabra, yaani wa jamii ya wafugaji wa huko, au mtu aliyekulia huko. Hapa usibane pesa. Chalbi haina mti wa kukuonyesha njia, na kuanzia saa nne mazigazi yanakuchorea ziwa mbele yako, na vilima vinaelea juu yake. Alama za magari zinatawanyika kama vidole. Safari yetu ya pili wawili walifuata kidole kisicho chao. Tuliwapata baada ya muda wa saa tatu, wakiwa wameketi chini ya kivuli cha baiskeli zao. Walifanya vyema kuketi.

Tangu siku hiyo: dereva yuko nyuma ya kundi, si mbele. Mfunga mkia, yaani mwendeshaji wa mwisho, ana redio. Kila baada ya kilomita 10 wa mbele anasimama mpaka wote waonekane. Usipomwona mwenzako mbele wala nyuma, simama hapohapo. Simu usizitegemee, mtandao uko vituoni, katikati hakuna kitu. Simu moja ya setilaiti ya kukodi inatosha kundi.

Mkifika Marsabit, piteni kituo cha polisi muulize hali ya njia, kisha mjitambulishe kwa chifu kila mnapolala. Wakisema msubiri, subirini. Wakisema mchukue askari wa akiba, mchukueni na bajeti yake iwe tayari.

Hatua ya 5: Tairi

Njia hii ina sura mbili. Kati ya Marsabit na Maikona kuna mawe meusi ya volkano, yenye ncha, yanayokata tairi ubavuni. Kutoka Maikona ni udongo mgumu, chumvi, na vipande vya mchanga. Tairi pana inchi 2.2 kwenda juu, ubavu mnene, bila tyubu, na silanti mpya (maji mazito ya kuziba matundu) ndani, kwa sababu miiba ya mgunga haina huruma. Kwenye mawe tunatia presha ya PSI 28 hivi. Kwenye mchanga tunashusha hadi 18. Kila mtu abebe tyubu mbili hata hivyo.

Mnyororo: mafuta ya majimaji hapana. Yanakamata vumbi yanakuwa msasa. Tumia ya nta, na kila jioni futa chumvi kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 6: Jaribio la Magadi

Wiki sita kabla, kundi zima literemke barabara ya Magadi, kusini mwa Nairobi, kutoka Corner Baridi hadi Olorgesailie, lipumzike, kisha lipande kurudi adhuhuri. Hutafuti mwenye mbio. Unatazama nani anasahau kunywa, nani anaficha kwamba amechoka, nani ananuna. Jangwani wa tatu ndiye anayeharibu safari kuliko wote.

Maswali ya wanachama

*Nina baiskeli ya changarawe, tairi milimita 40. Inafaa?*
Kutoka Maikona, ndiyo, na utatuacha. Kabla ya Maikona utashinda ukibandika viraka. Ipande garini siku ya kwanza.

*Sisi kina dada tuvae nini tukiingia vijijini?*
Na kina kaka pia wasikilize: zile kaptura za kubana zisionekane sokoni. Suruali pana nyepesi juu yake, na leso kwenye mfuko wa mgongoni. Leso utaitumia pia kama kivuli, kitambaa cha vumbi, na choo cha faragha mahali pasipo na kichaka hata kimoja.

*Kwa nini tusimalizie Loiyangalani tuoge Ziwa Turkana?*
Kutoka North Horr njia inageuka kusini. Soma tena hatua ya 1. Nendeni kwa gari, baiskeli zikiwa juu. Na ziwa lile lina mamba.

*Mtu akivunjika mguu?*
Hospitali kubwa ya karibu iko Marsabit, na kwa gari ni saa nyingi za mtikisiko. North Horr na Kalacha kuna viwanja vidogo vya ndege, kwa hiyo kila mmoja akate bima ya kuokolewa kwa ndege kabla ya kutoka. Nambari ya bima iandikwe ubavuni mwa baiskeli, si ndani ya simu iliyozimika.

*Hema langu ni lile jepesi la milingoti miwili. Litahimili?*
Mwaka jana mmoja wetu alilikimbiza lake usiku kama nusu kilomita akiwa na soksi. Egesheni gari kuukinga upepo, hema ziwe upande wa pili, na vigingi viwe virefu. Usiku usio na mvua wengi wetu hulala kwenye mkeka tu.

*Mimi huwa wa mwisho kila Jumapili. Nisije?*
Njoo. Tunahitaji mfunga mkia, na redio ni nzito kidogo, kwa hiyo ukubali kuibeba.