Kuchagua Kati ya DSLR na Kamera Isiyo na Kioo kwa Kazi ya Harusi

Anayetaka kuingia katika kazi ya kupiga picha za harusi, sendofu na mahafali akiwa na fedha ya kamera moja tu hukutana na swali ambalo wauzaji hulijibu kwa haraka mno: anunue DSLR iliyotumika, yaani kamera yenye kioo ndani, au ajikaze apate kamera isiyo na kioo, maarufu kwa jina la mirolesi? Maoni yangu ni kwamba uamuzi uanzie kwenye lenzi. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hubadilishwa baada ya miaka michache, ilhali lenzi nzuri hukaa mkononi mwa mpiga picha muda mrefu zaidi na ndizo hula sehemu kubwa ya fedha yake. Hata hivyo, kabla ya kufika kwenye lenzi, ni lazima kuelewa ni nini hasa kinachozitenganisha kamera hizi mbili.

Ndani ya DSLR, nyuma tu ya lenzi, kuna kioo kilichoinama kwa nyuzi 45. Mwanga unaoingia hukipiga kioo hicho, ukapanda hadi kwenye prizimu, na kutoka hapo ukalifikia jicho la mpiga picha, naye huona mandhari yenyewe jinsi yalivyo. Kitufe kikibonyezwa, kioo huinuka, shata, yaani pazia lililo mbele ya sensa, hufunguka, na sensa, kile kipande kinachonasa picha, hupata mwanga. Mlio unaosikika wakati huo kwa sehemu kubwa ni wa kioo kuruka na kurudi mahali pake. Katika mirolesi, kioo na prizimu vimeondolewa. Sensa hupokea mwanga muda wote kamera ikiwa imewashwa, na anachokiona anayechungulia ni skrini ndogo yenye taswira iliyokwisha kusomwa na sensa. Karibu kila tofauti inayofuata imetokana na badiliko hilo moja.

Upande wa soko hauna utata. Lumix G1 ya Panasonic ilifungua njia mwaka 2008, Sony ikatoa A7 yenye sensa kubwa, ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakaingia kwa nguvu na EOS R na Z. DSLR zao kubwa za mwisho, yaani EOS-1D X Mark III na D6, zilitoka mwaka 2020. Pentax ndiyo iliyoamua kushikamana na kioo. Kwa hiyo anayenunua kamera mpya dukani leo hana sababu ya maana ya kuchukua DSLR, kwani atakuwa ananunua mfumo usiotengenezewa tena lenzi mpya na watengenezaji wake wakubwa. Swali lina uzito kwa anayenunua iliyotumika, na wengi wetu huanzia hapo. Canon 5D Mark III na 6D za mwaka 2012, pamoja na Nikon D750 ya mwaka 2014, bado hutoa picha ambazo hakuna bibi harusi atakayezikataa, na kwa bei yake kwa kawaida mirolesi utakayoipata itakuwa ya ngazi ya chini.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, tukianza na mwanga. Kipima mwanga cha kamera huelekea kukiona kila kilicho mbele yake kana kwamba kina rangi ya wastani, si nyeupe wala nyeusi. Bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi akisimama na gauni jeupe lililojaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wake hutoka umefifia hadi macho hayaonekani vizuri. Bwana harusi akisimama peke yake na suti nyeusi, kosa huwa la kinyume: kamera huongeza mwanga, kisha maharusi wakipigwa pamoja kwa kipimo hichohicho, gauni hugeuka doa jeupe lisilo na mishono wala maua yake. Mwenye DSLR hugundua hayo baada ya kupiga, anapoangalia skrini ya nyuma, halafu hurekebisha na kupiga tena. Mwenye mirolesi huona tatizo akiwa bado anachungulia, akazungusha gurudumu la kusahihisha mwanga mpaka uso ukae sawa, ndipo akabonyeza. Kwa anayejifunza, faida hii ni kubwa kuliko idadi ya megapikseli ambayo matangazo huipigia debe. Mzoefu wa DSLR hukisia mapema kwamba gauni litaidanganya kamera, na ukisio huo unaweza kujifunza pia, ila huchukua muda na picha kadhaa zilizoharibika.

Faida ya pili ya mirolesi ni fokasi, yaani kulenga mahali ukali wa picha utakapoangukia. Katika DSLR, fokasi ya kawaida hufanywa na kifaa cha pekee kilicho chini ya kioo, ambacho alama zake zimekusanyika katikati ya fremu, na ambacho kisipokubaliana barabara na lenzi hupeleka ukali wa picha kwenye sikio badala ya jicho. Mirolesi hufokasi kwa sensa yenyewe, karibu eneo lote la fremu, na zile za miaka ya karibuni hulitambua jicho la mtu na kulifuata anapocheza. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8, ambapo ukali hauzidi upana wa vidole vichache, msaada huo huonekana katika kila picha. Usidhani, hata hivyo, kwamba kila mirolesi iko hivyo: za miaka ya mwanzo zilikuwa nzito wa fokasi gizani, na DSLR nzuri ya wakati uleule ilizishinda.

Ukumbini mambo hubadilika, na hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Mirolesi nyingi zina shata ya elektroniki isiyo na sauti kabisa, jambo la heshima wakati wa viapo kanisani, wakati wa nikahi, au msibani. Lakini shata hiyo huisoma sensa mstari kwa mstari, na katika kamera nyingi usomaji huo hauna kasi ya kutosha. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, na picha hutoka na mistari myeusi na myeupe iliyolala juu ya meza kuu. Ukilazimika kupiga kimya, weka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde na ujaribu kwanza. Taa za rangi za DJ zina mpepeso wake tofauti na huenda zisitii kipimo hicho. Viapo vikiisha, rudi kwenye shata ya kawaida.

Hatari kubwa zaidi ni taa za leza. Miale ya leza ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuunguza sensa na kuacha doa au mstari wa kudumu. Sensa ya DSLR hujificha nyuma ya kioo na shata mpaka sekunde ya kupiga, wakati ile ya mirolesi iko wazi muda wote unapochungulia. Ukumbi wenye leza ukiona zimewashwa, simama pembeni ya njia ya miale, na ukiwa unasubiri tukio, ifunike lenzi kifuniko chake.

Kuhusu flashi, wanaohamia mirolesi hukwazwa na mambo mawili. La kwanza, ukitumia flashi ya mkono, yaani isiyowasiliana na kamera kuhusu kiasi cha mwanga, skrini ya kuchungulia huweza kuwa nyeusi tii, kwa sababu kamera inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi. Ingia kwenye menyu uzime mpangilio wa kuonyesha athari ya mwanga, na skrini itarudi kung'aa. La pili, mwale mwekundu ambao flashi za DSLR hutoa ili kusaidia fokasi gizani kwa kawaida haufanyi kazi na mirolesi, kwani ulitengenezwa kwa ajili ya kile kifaa kilichokuwa chini ya kioo. Katika ukumbi wenye giza, DSLR ya zamani yenye flashi yake inaweza kufokasi pale ambapo mirolesi ya bei nafuu inahangaika.

Betri ni suala la hesabu. Kwa vipimo vya CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, Nikon D750 hupiga picha 1,230 kwa chaji moja, Sony A7 III hupiga takriban 610 kwa kuchungulia, na Canon EOS RP 250. Matumizi halisi ya harusini kwa kawaida huzidi vipimo hivyo, maana mpiga picha hupiga nyingi mfululizo, lakini uwiano hubaki. Atakayechukua mirolesi ndogo aweke bei ya betri mbili au tatu za ziada ndani ya bajeti tangu mwanzo. Baadhi huchajiwa kwa waya wa USB kutoka kwenye pawabenki, jambo ambalo lina thamani yake umeme unapokatika asubuhi ya harusi.

Kabla ya kuvutiwa na wepesi, uliza pia kamera ina nafasi ngapi za kadi. Kiapo hakirudiwi kwa sababu kadi imegoma, na mpiga picha wa harusi anapaswa kuandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. D750 na 5D Mark III zina nafasi mbili. EOS RP na EOS R zina moja, na Nikon Z6 ya kwanza vilevile. Mimi ningeukubali uzito kuliko kufanya kazi ya watu kwa kadi moja. Isitoshe, wepesi wenyewe husifiwa kupita kiasi: EOS RP ina gramu 485 na 5D Mark IV gramu 890 pamoja na betri, lakini ukiwapachika wote wawili lenzi ya 24-70 f/2.8, ambayo peke yake ina gramu zaidi ya 800, bega halitaona tofauti kubwa ifikapo saa sita usiku.

Turudi kwenye lenzi. Kila mfumo una umbali maalumu kati ya mahali lenzi inapopachikwa na sensa. Kwa lenzi za Canon EF, zilizoanza mwaka 1987, umbali huo ni milimita 44, kwa sababu kioo kilihitaji nafasi ya kuinuka. Kwa mirolesi zake za RF ni milimita 20 tu. Zile milimita 24 zinazobaki hujazwa na adapta, ambayo ni bomba fupi lisilo na lenzi ndani, lenye nyaya za kupitisha mawasiliano, na lenzi ya EF hufanya kazi juu yake kama iliyozaliwa hapo. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiwezi kutumika kwenye DSLR, kwa kuwa hakuna namna ya kupunguza nafasi ambayo kioo kimeikalia. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba shilingi iliyowekwa kwenye lenzi nzuri ya EF leo haipotei utakapohamia mirolesi kesho, ili mradi uwe na adapta. Lenzi za EF-S, za kamera zenye sensa ndogo, zinahitaji tahadhari: kwenye mirolesi ya sensa kubwa kamera hukata kingo za picha, na EOS RP ya megapikseli 26 hubakiwa na takriban 10.

Kwa Nikon, umbali ni milimita 46.5 kwa lenzi za F, za DSLR, na 16 kwa za Z, za mirolesi, na adapta yao huitwa FTZ. Ndani yake hamna mota, hivyo lenzi za zamani za AF-D, kama ile 50mm f/1.8D inayopatikana kwa bei poa, hubaki za kufokasi kwa mkono. Ukiwa na mpango wa kuhama baadaye, tafuta zenye alama ya AF-S.

Kwa mtu mwenye fedha ya kutosha, basi, achukue mirolesi yenye nafasi mbili za kadi, kama A7 III, hata ikiwa imetumika. Asiye nayo anunue DSLR ya sensa kubwa, aongeze lenzi mbili za EF au AF-S, na atumie fedha inayobaki kwa flashi. Anayetegemea zaidi video asibabaike: achukue mirolesi, maana DSLR ikirekodi huinua kioo chake na kitundu cha kuchungulia huwa giza, na nyingi hukata video kabla ya dakika 30.

Unapokwenda kuikagua, nenda na kadi yako na betri iliyojaa. Punguza tundu la lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha uone kama kuna madoa. La vumbi husafishika, la leza halisafishiki. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu utafute nyuzinyuzi za ukungu, ambazo hustawi katika unyevu wa pwani. Uliza idadi ya mipigo ya shata na uilinganishe na makadirio ya mtengenezaji, ambayo ni 100,000 kwa 6D na 150,000 kwa 5D Mark III. Ikiwa ni Sony iliyotoka Japani, fungua menyu kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi yake zina lugha ya Kijapani peke yake na hazikupewa uwezo wa kubadilishwa.