Mgeni Anayetafuta Kazi Malindi

Mgeni anayetaka kuajiriwa Malindi ampate mwajiri kwanza, kwa kuwa kibali cha daraja D, yaani kibali cha kazi cha mgeni aliyeajiriwa, huombwa kwa kazi mahususi, na mwajiri hutakiwa kueleza kwa nini hakumpata Mkenya mwenye ujuzi huo, tena amtaje Mkenya atakayejifunza kazi hiyo. Kwa maoni yangu, mkufunzi wa kupiga mbizi mwenye cheti ana nafasi kuliko mhudumu wa mezani, hata kama Kiitaliano chake, kinachotafutwa sana hapa, ni fasaha. Idhini ya kielektroniki ya kuingia nchini iliyochukua nafasi ya viza mwaka 2024 haimruhusu mtu kufanya kazi. Azungukie hoteli kuulizia kazi kabla ya Desemba. Wakati wa masika nyingi hufungwa.