Kutoka Mfuatano hadi Modeli: Namna ya Kutabiri Muundo wa Protini kwa Kompyuta

Anayetaka kujua umbo la protini hushawishika kuingiza mfuatano wake, yaani mpangilio wa asidi amino (viungo vidogo vinavyoijenga protini), moja kwa moja katika programu ya kutabiri na kusubiri picha ya rangi. Picha ataipata, lakini asipouchunguza mfuatano kwanza hatajua picha hiyo imejengwa juu ya ushahidi gani.

Chukua mfuatano kutoka hifadhidata ya UniProt ukiwa katika faili la FASTA, ambalo mstari wake wa kwanza huanza na alama ya > na kufuatiwa na herufi, kila moja ikiwakilisha asidi amino moja. Soma pia maelezo yake, kwani protini nyingi zinazotolewa nje ya seli huwa na kipande cha mwanzo kinachokatwa baadaye, na hakuna haja ya kukiundia modeli. Kisha tazama kama muundo umekwisha kupatikana: PDB imehifadhi miundo iliyopimwa maabara tangu 1971, na hifadhidata ya AlphaFold, programu ya akili bandia ya kutabiri miundo ya protini, ina miundo zaidi ya milioni 200 iliyotabiriwa. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Isipoishia hapo, tafuta protini za ukoo mmoja kwa BLAST, programu inayolinganisha mfuatano wako na ile iliyo katika hifadhidata na kuupa kila ufanano alama. Thamani ya E, inayoandamana na kila tokeo, inaonyesha ni matokeo mangapi yenye alama kama hizo au zaidi yangetarajiwa kutokea kwa bahati tu, kwa hiyo hubadilika kulingana na ukubwa wa hifadhidata. Ufanano ukishuka chini ya takriban asilimia 30, BLAST huanza kupoteza ndugu wa mbali. Hapo programu ya HMMER, inayotumia sura ya ukoo mzima badala ya mfuatano mmoja, husaidia zaidi.

Panga mifuatano hiyo kwa programu ya MAFFT au Clustal Omega ili asidi amino zinazolingana zikae katika safu moja, uondoe vipande visivyokamilika, kisha uikague safu kwa safu kwa macho yako mwenyewe. Kazi hii inachosha, lakini kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu asidi amino zisizobadilika mara nyingi ndizo zinazofanya kazi ya protini au kushikilia umbo lake, na AlphaFold2 yenyewe hutegemea sana mpangilio wa namna hii.

Ukipata ndugu wa karibu mwenye muundo uliopimwa, SWISS-MODEL, inayojenga modeli kwa kuiga muundo wa ndugu huyo, inatosha. Usipompata, tumia ColabFold, inayokusanya mifuatano kwa MMseqs2 na kutabiri kwa AlphaFold2.

Fungua matokeo katika ChimeraX, programu ya kutazama miundo, ukiyapaka rangi kwa kufuata pLDDT, alama ya 0 hadi 100 inayoonyesha programu ina uhakika kiasi gani na kila sehemu ya modeli. Alama zaidi ya 90 ni za kuaminika sana, na zilizo chini ya 50 mara nyingi huashiria sehemu isiyo na umbo la kudumu, jambo ambalo si kosa la programu. Angalia kwamba pLDDT huandikwa katika safu ileile ambayo faili za maabara huweka kipimo cha mtikisiko wa atomu, ambako namba kubwa huwa na maana iliyo kinyume. Sehemu mbili zinaweza kupata alama nzuri kila moja ilhali mkao wa moja kwa nyingine haujulikani, na hilo huonekana katika jedwali la PAE pekee, linalokadiria kosa la mkao kati ya kila jozi ya asidi amino. Wala usibadilishe asidi amino moja ukitarajia AlphaFold2 ikuonyeshe madhara yake, kwa kuwa haikuundwa kwa kazi hiyo na mara nyingi itakurudishia umbo lilelile.