Ukiulizwa Kama Mguu Umekuwa Mwekundu, Usijibu Hapana

Nilitoka Dar usiku, nikabadilisha ndege Doha, nikashuka Manchester. Saa kama 13 hewani, kiti cha dirishani, na sikuinuka hata kwenda chooni kwa sababu niliona haya kumwamsha jirani. Siku ya tisa shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma kama limekaza. Kesho yake mguu ule umevimba, kiatu cha kazini hakiingii. Wa kulia mzima kabisa.

Nyumbani ungelipa, ukapigwa ultrasaundi mchana uleule. Huku mlango wa kwanza ni simu. Mpokezi wa kituo changu cha afya akasoma maswali yake: mguu umekuwa mwekundu? Nikautazama mguu wangu mweusi, nikajibu hapana. Unauma sana? Nikasema kidogo tu, kwa adabu tuliyolelewa nayo. Nikaambiwa pengine ni msuli, nikapewa miadi ya wiki mbili mbele. Siku ya tatu nilishindwa kumaliza ngazi za nyumbani, pumzi zinakatika, kifua kinachoma kila nikivuta hewa. Bonge la damu lilikuwa limeng'oka mguuni, limekwenda mapafuni.

Kwa hiyo shikeni hili. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Ukijibu "hapana" umejifungia mlango mwenyewe. Sema hivi: mguu mmoja umevimba, una joto kuliko mwenzake, rangi imebadilika, na nimetoka safari ndefu ya ndege. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mashavu yote mawili. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huzihesabu. Taja pia vidonge vya uzazi wa mpango, mimba, kujifungua karibuni, upasuaji, mguu uliofungwa plasta ngumu (POP), saratani, au ndugu aliyewahi kuganda damu. Kiingereza kikikupiga chenga, 111, simu ya huku ya ushauri wa afya, wanaweza kukutafutia mkalimani wa Kiswahili. Na ukiona pumzi zinakatika au unakohoa damu, piga 999, simu ya dharura, papo hapo.

Waingereza si watu wabaya, ila wanaandika ulichosema, si ulichomaanisha. Muuguzi wa kwetu anaona umekunja uso, anajua hiyo "kidogo" ni nyingi. Simu haina uso. Na orodha inayouliza wekundu peke yake haikuandikwa kwa kumfikiria mtu mweusi. Hilo nalisema waziwazi. Narudia: usiseme kidogo, usijibu hapana.

Sasa nyinyi mashangazi na mama wadogo. Nawapenda, najua mlikesha mkiniombea. Lakini "baridi imekuingia, jikande maji moto, uchue mguu kwa mafuta ya nazi" ingeweza kuniua. Mguu uliovimba upande mmoja hauchuliwi, kwa sababu bonge linaweza kung'oka. Mjomba naye alinishauri aspirini. Aspirini si tiba ya bonge lililokwisha kujijenga.

Hospitali yenyewe ilikwenda haraka: kipimo cha damu cha D-dimer, ultrasaundi ya mguu, picha ya mapafu, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda. Vidonge hivyo humezwa miezi mitatu au zaidi. Usiviache kwa sababu mguu umenywea, usimgawie jirani, na usimeze ibuprofeni au dawa za mitishamba zilizotumwa kutoka nyumbani bila kumuuliza mfamasia, maana damu inaweza kutoka isikome. Daktari wa meno naye aambiwe kabla hajang'oa kitu.

Safarini: kunywa maji, chezesha vifundo vya miguu, tembea kila baada ya saa moja au mbili. Mwenye hatari kubwa amuone daktari kabla ya kukata tiketi. Atamwambia kama anahitaji soksi za kubana zilizopimwa mguuni kwake, au sindano ya kuzuia damu kuganda. Mimi sasa nakata kiti cha kando ya njia, na jirani akilala namwamsha.