Kupanda Uluguru hadi Morningside: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Kwa mkazi wa Dar es Salaam ambaye mlima wake wa kila wiki ni ngazi za daraja la Manzese, Milima ya Uluguru huonekana rahisi kwa mbali kuliko ilivyo chini ya miguu. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani, pako karibu mita 1,300. Mtu mwenye afya ya kawaida huhitaji saa mbili hadi tatu kupanda, kwa njia ambayo ni nadra kumpa mahali tambarare pa kupumzisha miguu.

Jambo la kwanza la kupanga ni saa ya kuanza. Tangu 2024 treni ya SGR imeufanya Morogoro kuwa karibu, lakini atakayeondoka Dar asubuhi hiyohiyo ataanza kupanda jua likiwa limeshakolea. Ni afadhali kusafiri Ijumaa jioni, kulala mjini, na kuanza mlima saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sababu si joto peke yake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupandishwa na milima hii, ukapoa na kugeuka mawingu, na mara nyingi ifikapo adhuhuri vilele huwa vimejifunika hata kama mjini kunawaka jua. Miezi ya Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamekwisha, ndiyo ninayoipendelea.

Mtu wa Dar hudhani analijua jua, kumbe analijua lile la pwani linalomtoa jasho na kumkimbiza kivulini. La mlimani hudanganya, kwa kuwa kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, ilhali miale inayounguza ngozi huongezeka. Vaa shati la mikono mirefu na kofia pana hata usipohisi joto, na ubebe maji yasiyopungua lita mbili, ndizi na karanga za chumvi.

Miguu huandaliwa nyumbani. Kwa wiki tatu, panda ngazi za ghorofa yoyote iliyo karibu nawe na, muhimu zaidi, uzishuke kwa miguu badala ya kutumia lifti, kwani misuli ya mapaja huumia zaidi wakati wa kushuka. Siku moja ya mwisho wa juma nenda vilima vya Pugu ukavijaribu viatu vyako. Kiatu kipya kisianzie kazi Uluguru.

Ukiwa njiani, piga hatua fupi, ukanyage kwa wayo mzima, na pale penye mwinuko mkali pita kwa mshazari badala ya kuelekea juu moja kwa moja. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha mwendo. Mimi somo hili nilipewa na mama wa Kiluguru aliyekuwa akipandisha tenga kichwani, kandambili miguuni. Nilimpita kwa mbwembwe, na baada ya robo saa akanikuta nimekaa juu ya jiwe, akanipa pole na kuendelea bila kubadili mwendo.

Juu, geuka utazame ulikotoka. Mji wote unalala chini yako, mabati yakimetameta, Bwawa la Mindu likionekana kama kipande cha kioo, na nyuma yake tambarare inayopotelea kwenye ukungu wa bluu. Katika milima hii ndimo zinamoanzia sehemu kubwa ya chemchemi za Mto Ruvu, unaoleta maji ya bomba Dar. Kilele cha Bondwa, kinachozidi mita 2,000, kiko mbele zaidi ndani ya hifadhi ya msitu, na huhitaji kibali na mwenyeji anayeijua njia. Kwa mara ya kwanza Morningside inatosha.

Anza kushuka kabla ya saa sita. Kucha za miguu ziwe zimekatwa tangu jana yake, la sivyo vidole vitagonga mbele ya kiatu njia nzima; kaza kamba kwenye kifundo, kunja magoti kidogo, na uwe mwangalifu pale changarawe nyembamba inapotanda juu ya udongo mwekundu mkavu, kwa kuwa huteleza kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni.