Kwenda kulala kwenye mahema Ruaha na ukoo mzima kutoka Dodoma, jinsi ya kujipanga

Kama kwenu mko wengi kama sisi, yaani mtu akisema familia anamaanisha bibi, kina baba mkubwa na baba mdogo, mashangazi, mawifi, mashemeji na watoto wa kila rika, basi hii nimekuandikia wewe. Sisi tulikuwa 19, mdogo kabisa ana miezi 14 na bibi ana miaka 78, tukatoka hapa Dodoma likizo ya mwezi wa sita tukaenda kulala siku mbili kwenye mahema Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka uliotangulia tulijaribu tukafeli, gari lilikuja saa 3 asubuhi badala ya saa 11 alfajiri, halafu siyo lile tulilolikagua, tairi likapasuka kwenye kona za Nyang'oro na spea hakuna, tukafika Tungamalenga, kijiji cha karibu na hifadhi, usiku watoto wanalia, hifadhini huwezi tena kuingia saa hizo, tukalala gesti ya kijijini tukageuza. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyalipia.

Jambo la kwanza kabisa, usianze kupanga na wanyama wala na chakula, anza na bibi na yule mtoto mdogo. Jiulize bibi atalala wapi, atakwenda chooni vipi usiku, atakaa kwenye gari masaa mangapi bila kunyoosha miguu, na mtoto atakula nini saa ngapi. Ukishayajibu hayo safari yote imeshajipanga yenyewe, vijana watalala popote na watakula chochote. Sisi mwaka wa kwanza tulipanga kinyume, tulianza na nani analeta spika.

Bibi tulimchukulia chumba kwenye banda, yaani vijumba vya wageni, za TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) pale Msembe ndani ya hifadhi, akalala na shangazi pamoja na mama wa yule mtoto na mtoto wake, sisi wengine kwenye mahema. Banda ni chache na mwezi wa sita na wa saba watu ni wengi, kwa hiyo hilo ndilo la kubuku mapema kuliko kitu kingine chochote, hata kabla hamjamaliza michango.

Msimu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi ni kiangazi, barabara za hifadhini zinapitika na wanyama wanasogea mtoni kwa sababu maji yanapungua, Mto Ruaha Mkuu tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kipindi cha kiangazi unabaki na madimbwi tu, inaumiza kuona lakini ndiyo maana unawakuta viboko na mamba wamebanana sehemu moja. Masika msiende na Costa, yaani yale mabasi madogo, mtakwama. Mwezi wa sita una faida ya likizo ya shule ila usiku ni baridi, Iringa mjini ndiyo usiseme, kwa hiyo kila mtu abebe blanketi lake na sweta na watoto wavalishwe soksi za kulalia.

Michango tulikusanya miezi minne, kila nyumba kiasi chake kwa mwezi, kwenye simu ya mtu mmoja tu ambaye tulimchagua kwa sababu anaandika kila kitu. Kila hela ikiingia anatuma picha ya meseji kwenye grupu. Usiruhusu "nitalipa tukifika", kwa sababu kule hifadhini malipo si ya keshi mkononi, unapewa control namba, yaani namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au kadi, na mtandao wa kule unaweza kukusumbua, sasa fikiria mmesimama getini watu 19 mnachangishana. Hela ya kiingilio, ya kempu, ya banda na ya gari iwe yote kwa mtu mmoja na iwe imeshatengwa. Viingilio vinabadilika, piga simu TANAPA upate bei ya mwaka huo, ila mgawanyo ni kwamba chini ya miaka 5 hawalipi, miaka 5 hadi 15 wanalipa bei ya mtoto, kuanzia 16 ni mtu mzima. Na ili ulipe kama Mtanzania beba kitambulisho, wakubwa NIDA, watoto piga picha vyeti vya kuzaliwa uviweke kwenye simu, tulikuwa na kijana wa miaka 15 mrefu kuliko baba yake na cheti ndicho kilichotusaidia.

Gari sasa. Kwa watu 19 na mizigo yao chukua Costa nzima, usijidanganye na Hiace mbili maana mtapotezana njiani na hela ya mafuta ni mara mbili. Nenda kalione gari lenyewe siku moja kabla, siyo picha. Angalia spea tairi, jeki, mikanda ya siti, madirisha yanafunguka (porini mtakuwa mnaangalia kupitia dirishani siku nzima), andika namba ya gari kwenye mkataba na useme hilo ndilo litakalokuja. Mwenye gari ashughulikie kibali cha kukodiwa cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Kilomita piga hesabu ya kama 900 kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya ndani, na dereva awe ameshawahi kwenda Ruaha, hili lina maana kubwa kuliko gari kuwa jipya.

Ratiba iliyotufaa ni hii. Saa 11 alfajiri mko barabarani, bibi siti ya mbele mlangoni, Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260 na ni lami. Mnapita Fufu, mnafika Mtera kwenye bwawa saa 1 na kitu, hapo mnashuka wote mnanyoosha miguu mnakunywa chai ya kwenye chupa na maandazi ya nyumbani, watoto wanaliangalia bwawa, ila samaki MSINUNUE wakati wa kwenda, nitarudi hapo. Baada ya Mtera kuna milima ya Nyang'oro, kona nyingi, watoto wanaotapika wapewe dawa nusu saa kabla na mifuko ya karatasi iwe karibu. Saa 4 mko Iringa, sokoni mnanunua mboga, nyanya na mkate, mnajaza mafuta full tank, mnatoa hela ya ziada. Saa 5 mnaianza njia ya Ruaha kupitia Kalenga na Idodi hadi Tungamalenga, kama kilomita 130 hadi Msembe, huko usitegemee lami, ni vumbi na makorongo madogo madogo na Costa inakwenda taratibu. Saa 8 mchana mko getini. Lengo ni hilo, saa 8, ili hata mkipata pancha bado mna masaa ya kujiokoa, na mahema yajengwe jua lipo. Kujenga hema giza linaingia na watoto kumi wanazunguka porini hapana, tafadhali.

Pale darajani Ibuguziwa baada ya geti mwambie dereva asimame kidogo, chini yake viboko wapo. Binti yangu wa miaka 6 alihesabu 23 halafu akahesabu tena kwa sababu mmoja alizama.

Mahema. Hema likiandikwa la watu wanne ujue ni la watu watatu na mabegi yao. Sisi tulitumia matano, tukayajengea uani nyumbani Ipagala wiki moja kabla, hapo ndipo tukagundua moja halina vigingi na lingine zipu imekufa, bora ilivyokuwa uani. Tuligawa hivi, kila hema lenye watoto lina mtu mzima mmoja anayelala mlangoni, siyo katikati, mlangoni, kwa sababu mtoto akiamka usiku anataka kutoka lazima amruke mtu. Na kila hema lilikuwa na ndoo yenye mfuniko ya haja ndogo ya usiku. Najua kuna watu wataona aibu, lakini kempu ya hifadhini haina fensi, tembo na fisi wanapita katikati ya mahema, na sheria ya familia yetu ilikuwa ni kwamba zipu ikifungwa saa 3 usiku haifunguliwi hadi kupambazuke. Viatu vyote ndani ya hema pia, fisi anabeba kiatu na hukioni tena.

Chakula chochote kisilale ndani ya hema, hata biskuti za mtoto, hata chungwa moja. Tembo ananusa tunda kutoka mbali na hema siyo ukuta kwake, na nyani mchana ndio wezi wakubwa, wanafungua hotipoti. Vyakula vyote usiku vinarudi ndani ya Costa, madirisha yanafungwa, na mchana jikoni panakuwa na mtu wa zamu muda wote, hapaachwi hata dakika tano.

Usiku wa pili kama saa 10 hivi nilisikia matawi yanavunjwa, taratibu, kama mtu anachana kanga, halafu tumbo linanguruma karibu kabisa na hema letu. Niliweka mkono juu ya mwanangu asiinuke nikakaa kimya na wengine wote walikaa kimya, mahema matano hakuna aliyekohoa, kwa sababu tulishawafundisha watoto nyumbani kwamba tembo akija tunalala tu, hatumuliki tochi, hatupigi kelele. Asubuhi nyayo zilikuwa hatua nne kutoka kwenye kamba ya hema. Wafundisheni kabla ya safari, muigize kabisa sebuleni mtoto ajue cha kufanya.

Kupika. Kuni hairuhusiwi kuokota hifadhini, na kukata ndiyo kabisa, sisi tulibeba mitungi miwili ya gesi ya kilo 6 na majiko ya mkaa mawili. Rahisisha kwa kupika nusu ya kazi nyumbani, maharage yakachemshwe Dodoma yagandishwe kwenye friji, nyama ichemshwe na ikaangwe ikauke, chapati za siku ya kwanza zipikwe usiku wa kuamkia safari. Mchele kilo moja piga watu sita pamoja na watoto, unga wa ugali kilo moja watu watano. Mama mkubwa alibeba mlenda mkavu wa kusaga na karanga, na niamini, jioni ya pili baada ya vumbi la siku nzima, ugali na mlenda ndicho kilichogombaniwa kuliko nyama. Dagaa achaneni nao, harufu inakwenda mbali.

Maji ya kunywa piga lita 3 kwa mtu kwa siku, kwa 19 ni kama lita 57, weka na ya kupikia na maziwa ya mtoto, tulibeba madumu 12 ya lita 20 na tulirudi na moja na nusu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, pakia kwenye vikapu na viroba, na takataka zenu zote mrudi nazo.

Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazifuata na wanauma hata juu ya jinzi, vaeni kaki, kijivu, kahawia. Dawa ya mbu, neti ya mtoto, ORS, panadol ya maji, dawa za presha za bibi kwenye mkoba wa mtu anayejulikana siyo chini ya mizigo, maana hospitali kubwa iko Iringa mjini na usiku hamtoki.

Kwa mizunguko ya kuangalia wanyama chukueni mwongozaji wa hifadhi, akae mbele na dereva, anajua njia gani Costa inapita na ipi haipiti. Tokeni saa 12 asubuhi, rudini saa 4 jua likiwa kali, watoto walale, tokeni tena saa 9 alasiri. Usilazimishe siku nzima ndani ya gari na watoto wadogo, wataichukia safari. Tandala wakubwa na wadogo wote wako Ruaha, wapeni watoto kazi ya kuwatofautisha, na simba tuliwaona asubuhi ya mwisho chini ya mti kando ya mto, bibi ndiye aliyewaona wa kwanza, kimya kimya akamgusa dereva begani.

Kurudi, kama muda upo simameni Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, fuvu la chifu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko pale, watoto wa darasa la nne na kuendelea wataelewa vizuri. Halafu Mtera ndiyo mnunue samaki sasa, perege wabichi kwenye kreti la barafu mlilobeba tupu, mkiondoka hapo saa 9 mko Dodoma kabla ya giza.

Mahema yaanikeni juani siku mbili kabla ya kuyakunja au kuyarudisha kwa mwenyewe, yakikunjwa na umande yanaota ukungu na mwakani hamtapewa. Na mweka hazina atume hesabu yote kwenye grupu wiki hiyohiyo, kilichobaki kikae kwenye simu yake kama mchango wa kwanza wa safari ijayo.